Pipi Niliyompa Imelda Nzima

Siku hizi zinauzwa kila duka pale Kasulu mjini. Zimejazwa kwenye makopo ya plastiki yenye mfuniko mwekundu, juu ya kaunta, kando ya vocha na viberiti, na mtoto yeyote mwenye shilingi mia anajichagulia: ya zabibu, ya embe, ya tikiti, ya lichi. Wazazi wao, watu wa rika langu na lako, wanasimama pembeni wakichezea simu. Hakuna anayegeuza karatasi kutazama picha. Hakuna anayeuliza nani kaonja kwanza. Mwezi uliopita mteja alikuja kwenye kibanda changu cha kushonea kupimwa gauni, mwanawe akakaa juu ya kiroba cha vitambaa akitafuna, na harufu ile ikanifikia nikiwa na pini mdomoni: tamu, nzito, kama maua yaliyolowekwa kwenye sukari. Nikatoa pini, nikamwambia mteja anisubiri kidogo, nikatoka nje nikasimama ukutani. Sikulia. Jambo lile halijawahi kuniliza. Linanikasirisha, na hasira yenyewe haijapungua hata chembe tangu nikiwa darasa la tatu.

Tuliishi kijijini, upande wa Kagerankanda, mimi na mama. Baba alikuwa Uvinza kwenye kazi ya chumvi, akija Krismasi, na Krismasi nyingine asije. Mama alitulisha kwa maharage na pombe ya ndizi. Maharage aliyapeleka mjini, pombe aliiuza pale pale uani Jumapili baada ya misa, na sisemi kwa sababu ni mama yangu, lakini hakuna mwanamke aliyempita kwa pombe. Alijua siku ya kuzifukua ndizi shimoni kwa kunusa tu udongo. Alikamua kwa majani makavu mpaka mikono ikawa myeusi kwa utomvu, akachanganya na unga wa mtama uliokaangwa, akafunika, na Jumapili wanaume walikuja hata kutoka vijiji viwili mbele, wakiwa na mashati ya kanisani bado hayajachafuka.

Wewe uliyekulia huko unajua kwamba kinywaji hakitoki mkononi mwa mtu kwenda kwa mwingine bila aliyetoa kukionja mbele ya macho ya anayepokea. Nyumbani tuliita kusogongera. Mama alijaza kibuyu, akatia mrija, akavuta mara moja, akameza, ndipo akamkabidhi mteja, na mteja hakuondoa macho mpaka aone koo la mama limecheza. Sababu yake kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja: sumu. Watu wa kwetu wanaogopa sumu ya mkononi mwa jirani kuliko wanavyoogopa nyoka. Hata sisi watoto tuliiga. Ukimpa mwenzako muwa, unang'ata wewe kwanza. Ukimpa parachichi, unachota kidogo kwa kidole. Mimi nilidhani ni adabu tu, kama kusema asante.

Pipi zilitoka kwa Mzee Sefu. Alikuwa na duka la jumla mjini, mtu wa Tanga kwa asili, mcheshi, mwenye tumbo, na ndiye aliyenunua maharage ya mama kila msimu. Mkwe wake alikuwa Dar es Salaam akileta bidhaa za kontena kutoka Asia, vyombo, ndala, miavuli, na siku moja katika mzigo lilikuwamo pakiti la pipi lililopasuka njiani. Haliwezi kuuzwa hilo, alisema, achukue mtoto. Lakini kabla ya kunipa alichomoa moja, akaimenya, akaitupa mdomoni mwake, kwa uroho wake tu. Mama alimtazama akitafuna, akaona koo limecheza, akaridhika.

"Hizi si peremende za kunyonya, mwanangu, hizi za kutafuna," alisema Mzee Sefu mdomo umejaa. "Na usihangaike kubandua hiyo karatasi ya ndani. Inalika hiyo. Imetengenezwa kwa mchele. Na hizi nyekundu mbili ni za lichi, tunda la huko huko kwao. Jamaa yake shokishoki."

Njiani nikamwuliza mama shokishoki ni nini. "Mambo ya pwani," alisema, na ndoo ya chumvi ikiwa kichwani hakuongeza neno.

Nilikuwa sijawahi kuonja kitu kama kile. Pipi tulizozijua zilikuwa za mnanaa na za kahawa, ngumu, za kugonga meno. Hizi zilikuwa laini. Ukifungua karatasi ya nje yenye maandishi yaliyopangwa kama vijumba, unakuta ndani karatasi nyingine nyembamba, inayopitisha mwanga, na juu yake vumbi jeupe la unga linalobaki vidoleni. Nilijaribu kuibandua ingawa nilikwisha ambiwa, maana nani alishasikia karatasi ya kuliwa? Haikubanduka. Nikaitia mdomoni ilivyo, nikaisikia ikishika ulimi, kisha ikalegea, kisha haipo. Ndipo ladha ilipofunguka. Ya zabibu ilikuwa na harufu kuliko zabibu zenyewe, ambazo nilizionja miaka mingi baadaye na kuziona zimepooza. Ya nanasi ilichoma pembeni mwa ulimi. Ya embe haikuwa na ukweli wowote, nasi watoto wa miembe hatukudanganyika, lakini tuliila.

Za lichi niliziogopa. Kwenye karatasi palikuwa na picha ya tunda lililomenywa nusu, jeupe, na mbegu nyeusi katikati, na ganda jekundu limelizunguka. Mimi niliona jicho. Jicho lililovimba kope. Niliamini kabisa kwamba watu wa huko kwao wanachukua macho ya mbuzi, wanayachemsha kwa sukari, na kwamba Mzee Sefu kwa heshima ya mama hakutaka kulisema wazi, ndiyo maana akataja hilo shokishoki lisilojulikana. Siku ya tatu nikapiga moyo konde. Nilikwenda nyuma ya ghala, nikafumba macho yangu mwenyewe, nikaila moja. Yesu na Maria! Ilikuwa tamu kuliko zote. Nikasema moyoni, hata kama ni jicho, basi na liwe jicho.

Nyingine zote nilikula na Imelda. Imelda alikuwa jirani na rafiki yangu, tulikaa dawati moja, mrefu kunipita, mwenye sauti ya kuimbisha kwaya ya watoto. Mama yake alifariki Imelda akiwa mchanga, akalelewa na Bibi Veronika, mama wa baba yake. Tulikula kwa kawaida ya kwetu: mimi naing'ata nusu, naivuta, inanyooka kama ulimbo wa kutegea ndege, inakatika, nampa kipande chake. Na kila mara Imelda alikitazama kipande, akatazama shavu langu.

"Unang'ata kubwa, Oliva," alisema.

"Sing'ati kubwa. Inakatika yenyewe."

"Inakatika kwako kila siku."

Alikuwa na haki. Niling'ata kubwa. Sasa ilipobaki pipi moja, ile nyekundu ya pili, tamu kuliko zote, nilikaa nayo siku mbili ndani ya soksi, nikawaza, na uamuzi nilioufikia nikiwa na umri wa miaka tisa ndio uamuzi wa ukarimu kuliko wote niliowahi kufanya mpaka leo nilipo mtu mzima. Nikasema, hii nitampa nzima. Sitaing'ata. Sitailamba. Tulipokuwa tunatoka shuleni, pale kwenye daraja la miti, nikaitoa.

"Yote yako," nikamwambia.

"Na wewe?"

"Mimi nilishakula yangu."

Aliifungua polepole, akaitia mdomoni, akasimama katikati ya daraja akitafuna macho yamefumbwa. Karatasi ya nje akainyoosha kwa ukucha, akaiweka kwenye daftari la hesabu, kwa uzuri wake. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepokea komunio.

Siku ya pili yake Imelda hakuja shuleni. Siku ya tatu hakuja. Walisema ana homa. Na homa kwetu ni kitu cha kila siku, mvua zilikuwa zimeanza, mbu walikuwa tele, nusu ya darasa ilikuwa inatetemeka kwa zamu. Siku ya nne mama alikuwa amekwenda mjini na maharage, nikachuma mapera matatu, nikaenda kumwona.

Nilikuta watu uani. Wanawake sita au saba, na wanaume wawili ambao niliwajua vizuri kwa sababu walikuwa wakinywa kwetu kila Jumapili na mmoja wao alizoea kuniita mchumba. Imelda alilazwa kwenye mkeka kando ya mlango. Midomo yake ilikuwa imepasuka, macho yamekuwa ya manjano, na mbele yake palikuwa na beseni lenye matapishi ya kijani. Alichuchumaa pembeni mganga mmoja wa kutapisha, mtu wa kuitwa kutoka mbali, akikoroga majani kwenye kibuyu. Alikuwa amemtapisha mtoto yule tangu jana yake. Siku nzima na nusu. Mtoto mwenye homa.

Bibi Veronika alinitazama mimi, kisha mapera yangu.

"Weka chini hivyo vitu. Kaa hapo."

Nikakaa.

"Ile pipi ulimpa wewe?"

"Ego, bibi."

"Ulionja?"

"Oya."

"Kwa nini hukuonja?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilitaka kusema: kwa sababu Imelda alisema nang'ata kubwa. Lakini nilimwona amelala pale, nikaona nikisema hivyo nitakuwa ninamsema mgonjwa kwa uchoyo mbele ya watu wazima, na hilo nilifundishwa ni baya. Nikanyamaza. Mpaka leo nakumbuka jinsi kimya changu kilivyowafurahisha.

"Ilikuwa na unga?" akauliza mwanamke mmoja.

"Ilikuwa na unga kidogo. Mweupe."

Wakatazamana.

"Na ile karatasi ya ndani ilikwenda wapi? Mwenzako anasema hakuitoa."

"Iliyeyuka mdomoni."

Hapo mmoja alijipiga ishara ya msalaba. Bibi Veronika akaingiza mkono kwenye kanga, akatoa ile karatasi ya nje, imenyooshwa vizuri kama alivyoiacha Imelda, akaiinua juu.

"Mnaliona jicho hili? Na maandishi haya, nani hapa anaweza kuyasoma? Tuliwaambia kwamba watu hawa walikuja na mambo yao kutoka kule."

Watu hawa. Kutoka kule. Nataka usimame hapo kidogo na mimi, maana hapo ndipo damu inaponichemka. Bibi Veronika mwenyewe alivuka kutoka Burundi, akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, akapita mpaka ule ule aliopita bibi yangu. Alitangulia miaka miwili, basi. Aliomba uraia kama sisi, akapanga foleni kama sisi, na karatasi yake ilitoka mwezi ule ule na ya kwetu, naye siku ile alikuja kwetu kuisherehekea, akanywa pombe ya mama mpaka akaimba. Lakini ilipofika siku ya kutafuta mtu wa kulaumiwa, yeye ni mwenyeji na sisi ni watu wa kule.

Imelda akafungua macho. "Nina kiu," alisema.

Hakuna aliyesogea. Mtungi ulikuwa pale pale, na kikombe cha bati juu yake.

"Bibi, maji."

"Maji yanaua dawa," alisema mganga bila kuinua kichwa. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Sikiliza, binti. Dawa yangu inafanya kazi nusu. Mkono uliotoa ukisema, sumu inashuka. Hapo atakunywa maji, atapona. Usiposema, hanywi. Unataka mwenzako afe?"

"Oya."

"Basi sema."

"Niseme nini?"

"Ulichotia."

Nilikuwa na miaka tisa. Sikujua sumu inafananaje. Nilichokijua ni kwamba rafiki yangu anatazama kikombe, na watu wazima wote pale, watu walionipeleka kubatizwa na kunibeba, wananiambia kikombe kile kiko mdomoni mwangu mimi. Wangeniambia niseme nimeua padri, ningesema.

"Nilitia," nikasema.

"Ulitia nini?"

"Ule unga."

"Ulipewa na nani?"

Na hapa ndipo mtego ulipofungwa, nami nikauingia kwa miguu yangu. Mtoto wa miaka tisa amepewa na nani chochote? Nguo, chakula, madaftari, mafuta ya kujipaka, hata ile ruhusa ya kulichukua pakiti kwa Mzee Sefu. Sikufikiri. Nilijibu kama ambavyo ningejibu swali lile siku yoyote.

"Mama."

Wakapumua wote kwa pamoja. Yule aliyezoea kuniita mchumba akasema, "Tumemnywea miaka mingapi?" Bibi Veronika akanyanyuka, akachota maji, akampa Imelda. Alikunywa kikombe kizima na kingine. Katika yote niliyoyafanya mchana ule, hayo maji tu ndiyo nisiyoyajutia.

Jioni jua likiwa bado lipo, baba yake Imelda alirudi kutoka shambani, alikokuwa amepiga kambi ya kulima wiki nzima. Sikuwapo, lakini kijiji kizima kilisimulia. Hakuuliza habari ya pipi wala ya unga. Alimshika mwanawe paji la uso, akamwambia mganga aondoe kibuyu chake pale, akamfunga Imelda kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamsukuma mpaka zahanati. Wakampima damu. Malaria, tena imepanda kichwani. Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano, na baada ya siku nne alirudi kwa miguu yake, amekonda, anacheka.

Sasa mtu mwenye akili angesema: basi, imejulikana. Hapana! Bibi Veronika alikaa mlangoni pake akipokea wageni na kuwaambia: mnaona? Alikiri tu, na mtoto akaanza kupona. Sindano wakazisahau. Dripu wakaisahau. Baba mtu akanyamaza, kwa sababu ni mama yake mzazi. Maneno ya daktari aliyesomea yakashindwa na maneno ya mtoto aliyelazimishwa, na waliolazimisha ndio waliokuwa mashahidi.

Mama alirudi kutoka mjini siku ile akakuta habari imemtangulia njiani. Hakunipiga. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mitungi nikisubiri kupigwa, na nadhani kama angenipiga ningepumzika. Alikaa kwenye kigoda, akanivuta mbele yake.

"Ulisema ni mimi?"

"Ego, mama."

"Kwa nini?"

"Walimnyima maji."

"Alipewa?"

"Alipewa."

"Haya," alisema mama. "Kanawe miguu ule."

Jumapili iliyofuata mitungi miwili ilikuwa imeiva. Alipanga mabenchi kama kawaida, akafagia uwanja, akafunga kitenge chake cha misa. Watu walipita njiani wakitoka kanisani. Mama akajaza kibuyu, akavuta, akameza, akakiinua waone. Hakuna aliyekata kona kuingia kwetu. Akajaza kingine kutoka mtungi wa pili, akavuta, akameza. Mzee mmoja alisimama kwenye ua, akamsalimia, akatazama nyuma kama wapo wanaomwona, akaenda zake. Mchana ukapita hivyo. Baadaye aliiburuta mitungi mmoja mmoja mpaka migombani akaimwaga, na nzi walikuja wengi kuliko wateja aliowahi kuwapata.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilifuatana naye. Alimweleza kila kitu, alitaja zahanati, alitaja Mzee Sefu, akasema aitwe, aje na pipi nyingine azile mbele ya watu wote. Mwenyekiti alimsikiliza akichokonoa meno. Kisha akasema, "Mama Oliva, mtoto hawezi kumsingizia mama yake mzazi." Akamshauri apumzike mahali kwanza, mpaka hali itulie. Kupumzika! Kana kwamba ni mama aliyekuwa mgonjwa.

Kanisani benchi letu likawa na nafasi nyingi. Shuleni mwalimu alinihamisha dawati bila kueleza. Imelda alinitazama kutoka mbali, nami nilimtazama, na sikumlaumu, alikuwa mtoto kama mimi. Kabla mtama haujavunwa tukahamia Kibondo, kwa dada yake mama, na vitu vyetu vyote vikaenea kwenye baiskeli mbili. Mitungi tuliiacha. Kule mama aliuza mitumba, akauza maharage ya kupima kwa kopo, akauza mkaa. Pombe hakupika tena, hata wakati wa msiba wa shemeji yake walipomwomba. Mikono ile iliyojua kukamua ndizi ikakaa bure, na huo ndio wizi ninaoudai mpaka leo. Si maneno tu. Walimwibia mama kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote kwenye kata ile, na waliomwibia walikuwa watu aliokuwa akiwasogongerea kila Jumapili.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, nikajifunza kushona, nikarudi Kasulu kufungua kibanda. Miaka yote hiyo sikukutana na Imelda. Kisha wiki mbili zilizopita, asubuhi, mwanamke mrefu aliingia na vitenge vya sare ya kwaya, akaanza kueleza anavyotaka mikono iwe, akanyamaza katikati. Nilimjua kwa sauti. Alizunguka meza akanikumbatia kwa nguvu, akawa analia na kucheka. Mimi pia nilifurahi, siwezi kusema uongo. Tukakaa. Tukaulizana watoto wangapi, wazazi wanaendeleaje. Baba yake alifariki. Bibi Veronika alifariki, siku nyingi. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Oliva, nataka ujue. Mimi nilikusamehe zamani."

Nikautoa mkono wangu.

"Ulinisamehe nini?"

"Yale ya utotoni."

"Yale yapi? Yataje."

Akatazama chini, kwenye vipande vya nyuzi. Nilimwacha atazame. Nje mtu alikuwa anatangaza bei ya dagaa kwa spika, na nilimsubiri amalize na bado Imelda alikuwa hajainua uso.

"Baba aliniambia," alisema mwishowe. "Kwamba ilikuwa malaria. Alinionyesha hata karatasi ya zahanati."

"Alikuambia lini?"

"Tukiwa... mimi nikiwa darasa la tano."

Darasa la tano. Mimi nilikuwa nimekaa Kibondo mwaka wa pili tu. Mama alikuwa bado na nguvu. Wangeweza kumfuata. Wangeweza kutuma mtu. Hata mtoto wa darasa la tano angeweza kuandika barua, tulikwisha fundishwa barua.

"Na hukusema kwa mtu."

"Ningesemaje, Oliva? Bibi ndiye aliyenilea. Angeonekana mwongo mbele ya watu."

"Na mama yangu alionekana nani?"

Akaokota uzi mmoja, akauzungusha kidoleni.

"Na Bibi alipokufa?"

"Nikaona yameshapita."

"Yamempita nani?"

Nilifunika cherehani. Sikupandisha sauti, na ninajivunia hilo. Nikamwambia gari la Kibondo linaondoka saa nne, mama bado yuko hai, na yeye Imelda atakwenda kumwambia kwa mdomo wake. Akasema ana watoto nyumbani. Nikamwambia mama naye alikuwa na mtoto nyumbani. Akasema atakuja siku nyingine, akijipanga. Nikachukua mkoba wake kutoka mezani, nikautia begani kwangu, nikafunga kibanda. Alipiga simu kwa mumewe kumwambia amepata safari.

Mama tulimkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo. Amezeeka, magoti yanamsumbua, macho bado ni makali. Imelda alipiga magoti mbele yake bila kuambiwa, akajitaja ni nani, akasema yote: malaria, karatasi ya zahanati, baba yake, kunyamaza kwake. Alisema kwa kukatakata lakini alisema. Mama aliendelea kutoa vijiwe na kuvitupa uani, kimoja kimoja.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Baba tu. Na alishafariki."

"Wale waliokaa uani siku ile, wapo?"

"Wengi wapo, mama. Wamezeeka."

Mama akaweka ungo chini. Nilimsubiri amsamehe. Nilikuwa nimekwisha kasirika mapema, nikijua atamsamehe, kwa sababu ndivyo alivyo, na ndivyo watu walivyozoea kumtumia.

"Mimi hapa Kibondo naitwa Mama Oliva," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniita jina lile la mtia sumu. Sasa unaniambia mimi nini, mwana wanje, mwanangu? Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikumtilia mtu kitu. Hayo maneno yapeleke yalikosemewa."

"Nitakwenda, mama. Nakuahidi nitawaambia."

"Hutakwenda. Tutakwenda."

Nikamwambia mama kwamba leo gari hakuna tena, na magoti yake, na barabara ya kule jinsi ilivyoharibika kwa mvua. Akasema basi kesho asubuhi. Akashika mwimo wa mlango, akajinyanyua, akaingia ndani kutafuta viatu vyake. Imelda alibaki pale chini, ameinamisha kichwa mpaka kwenye ungo, akaanza kulia kwa sauti.

"Usilie sasa," mama alisema kutoka ndani. "Utalilia huko, wakuone."